Wembe Ulioweza Kununua Gari

"Gari la bwana harusi nimeliona," alisema Kidevu, maikrofoni mkononi, ukumbi mzima ukimsikiliza. "Ni zuri, lina milango minne na yote inafunguka. Lakini wembe nilio nao mfukoni hapa, wa marehemu baba, ukiuzwa leo unalinunua hilo gari, unalijaza mafuta, na chenji inabaki ya kumlipa dereva."

Ukumbi ukavunjika mbavu. Mshereheshaji aliinama akashika magoti. Bwana harusi naye alicheka mpaka tai ikapinda, ingawa gari lenyewe lilikuwa la kukodi na lilitakiwa lirudishwe kabla giza halijaingia. Bibi harusi, ambaye Kidevu ni mjomba wake, alificha uso nyuma ya maua kwa aibu ileile aliyokuwa akitiwa na mjomba huyo tangu chekechea. Mtu mmoja tu hakucheka. Mama wa bibi harusi, yaani dada mkubwa wa Kidevu, alibaki na kijiko hewani, akimtazama mdogo wake kama muuguzi anavyomtazama mgonjwa anayeapa kwamba hana homa. Na kweli alikuwa muuguzi. Kazi alishastaafu, lakini jicho lile halikuwahi kupewa barua ya kustaafu.

Kidevu hakuliona. Alikuwa bado anapokea makofi.

Jina lake halisi lipo, limeandikwa kwenye cheti cha ndoa na kwenye bili ya umeme. Kwingine kote yeye ni Kidevu, kwa sababu ukikutana naye barabarani anakisalimia kidevu chako kwanza, na macho yako yatasubiri zamu yao. Majina ya watu yanamtoka upesi, ila kidevu akikishika mara moja amekishika milele. Anaweza kukuambia kwamba fulani, yule mwenye shimo upande wa kushoto na nywele zinazoota kwa kuzunguka, aliwahi kunyoa kwake mwaka aliohamia mtaani, na kwamba ngozi yake haipendi maji ya baridi. Kama fulani huyo ni jirani au waziri, hilo hakuliuliza.

Chumba chake cha kazi kimebanwa kati ya duka la vifaa vya shule na chumba cha mkewe, ambaye ni fundi cherehani. Mume na mke wametenganishwa na ukuta wa plaiwudi, na plaiwudi hiyo haijawahi kuzuia hata neno moja. Ndani kuna kiti cha chuma kinachozunguka upande mmoja tu, kioo kikubwa chenye ufa unaompa kila mteja kovu la bure shavuni, birika la umeme, taulo za rangi ya krimu ambazo maisha ziliyaanza zikiwa nyeupe, jiwe la kunolea lililolala kwenye sahani ya maji, na mkanda mpana wa ngozi unaoning'inia kwenye msumari. Vijana wenye saluni za taa za rangi wako barabara ya pili, na mashine zao zinanguruma kutwa kama nyuki waliochokozwa. Kidevu hana ugomvi nao. Mashine anayo moja, anaitumia kama mtu anavyotumia mwavuli, yaani pale inapobidi. Anachokipenda ni ndevu, na ndevu anazinyoa kwa wembe wa kukunja.

Wembe wenyewe ni wa zamani hasa. Bapa lake la chuma linazidi kidogo urefu wa kidole cha kati, na ukimaliza kazi linajikunja na kulala ndani ya mpini mweupe, ingawa weupe huo umeshaelekea unjano kama jino la mvuta sigara. Baba yao, ambaye naye alikuwa kinyozi, aliupata ukiwa umeshatumika. Kutoka kwa nani, hakuna anayejua, na Kidevu aliifanya hiyo habari isiyojulikana kuwa shamba lake la kulima uongo. Kwa mteja mmoja wembe ulikuwa wa nahodha wa meli. Kwa mwingine ulikuwa wa gavana aliyenyolewa na baba siku ya mafua makali bila kukatwa hata kidogo, akautoa zawadi. Mkewe, nyuma ya plaiwudi, aliwahi kuusikia ukimilikiwa na majenerali wawili waliokuwa wakipigana wao kwa wao, na mchana ulikuwa haujafika. Kitu kimoja tu hakikubadilika katika hadithi zote: mpini ni pembe ya ndovu. Hilo Kidevu hakulitunga. Aliambiwa na baba yake, na baba yake aliliamini.

Wateja nao hawakuwa wajinga. Walijua wanadanganywa na walifurahia. Ukishalazwa kwenye kile kiti, taulo la moto usoni, halafu povu, halafu ule mkwaruzo mwembamba unaosikika kama mtu anapekua karatasi chumba cha jirani, unawasamehe majenerali wote. Unatoka nje uso umekuwa mwepesi, upepo unauhisi kama vile haujawahi kukupuliza.

Sasa, wiki ya harusi haijaisha, dada mkubwa akaingia pale chumbani. Alikaa kwenye benchi la wateja, mkoba mapajani, akakataa chai. Mwanamke aliyekataa chai ya mdogo wake amekuja kikazi. Kidevu akamsalimia, akauliza habari za maharusi, akauliza habari za miguu yake inayovimba, akabaki hana la kuuliza.

"Baba alipofariki tuligawana," dada akaanza. "Mimi nilichukua kabati la vioo na kitanda cha chuma. Kitinda akachukua redio na baiskeli. Wewe ukasema, mimi naomba wembe tu. Tena ulisema 'tu'. Nakumbuka."

"Dada, ile ilikuwa harusi. Mtu akipewa maikrofoni..."

"Sikuulizi maikrofoni, mdogo wangu. Nakuuliza, ulijua?"

Hapo Kidevu alikuwa na milango miwili. Wa kwanza ni kukiri kwamba alipiga chuku mbele ya wakwe, maharusi na watu wa video. Wa pili ni kusema ndiyo, alijua, na miaka yote akanyamaza. Mwanamume mwenye akili angepita ule wa kwanza hata kwa kutambaa. Kidevu akajaribu kupita ukutani.

"Thamani yake siijui sawasawa," alisema. "Lakini si kidogo."

Dada akatikisa kichwa taratibu. Akasema bati za nyumba yake zinavuja, na hilo Kidevu analijua, kwa sababu sebule yake imejaa sufuria za kukinga maji. "Ulikuja kunitembelea mvua zilipoanza," akasema. "Ukaruka sufuria, ukanywa chai, ukanipa pole, ukaondoka na gari zima mfukoni." Sauti yake haikupanda. Ingepanda, Kidevu angepata nafasi ya kununa.

Basi uamuzi ukatoka palepale bila kikao. Wembe utapelekwa kwa mtu anayejua vitu vya kale, utatambuliwa, utapewa bei. Ukiwa na thamani ya maana, utauzwa na pesa zitagawanywa mara tatu. Ukiwa takataka, Kidevu atabaki nao na dada ataomba radhi kwa kumfikiria vibaya. Kitinda, mdogo wao wa mwisho, mtu mzima mwenye kipara na watoto watatu ambaye familia bado inamwita Kitinda kama vile ameachishwa ziwa juzi, aliunga mkono kwa simu. Yeye ni fundi simu, na tayari alishaona kwenye mtandao picha ya wembe unaofanana na ule kabisa, ukiuzwa bei ya friji. Friji kubwa, alisisitiza, ile ya milango miwili.

Dada alipoondoka, cherehani upande wa pili ikanyamaza.

"Si umwambie tu kwamba ulijigamba?" ikauliza plaiwudi.

"Nimwambie baba yetu alikuwa na wembe wa kawaida?"

"Mwambie mwanawe ndiye ana mdomo usio wa kawaida."

Shida ya Kidevu ilikuwa kubwa kuliko aibu, nayo ni hii: baada ya kuwadanganya watu miaka mingi kiasi kile, yeye mwenyewe alikuwa ameshaamini. Hakuamini ya gavana, wala majenerali, lakini aliamini kabisa kwamba wembe ule ni kitu kikubwa. Na kama ni kitu kikubwa, basi anaupoteza. Jioni ile alitoa kwenye droo wembe wa kisasa aliopewa na muuza vipodozi, ule unaobadilishwa kiwembe cha ndani, akaujaribu kwenye kidevu cha mwenye duka la vifaa vya shule. Ulinyoa. Hakuna aliyekatwa. Lakini mkono wake ulikuwa kama unaandika kwa kalamu ya mtu mwingine, na mwenye duka, aliyekuwa na kawaida ya kusinzia pale kitini mpaka akakoroma, safari hii alikaa macho wazi mpaka mwisho.

Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, Kidevu alianza kuomba kitu chake kionekane hakina maana. Haikuwa rahisi. Anajilaza kitandani, anaomba wembe uwe takataka, halafu moyo unakataa kuitikia amina.

Mthamini waliyempata aliitwa Mama Zamani. Duka lake lilikuwa ghorofa ya chini ya jengo lenye ngazi za saruji zilizolika katikati, na ndani ulipita kwa kubana mbavu: saa za ukutani zisizokubaliana, pasi za mkaa, santuri, taa za vioo, taipureta zilizokosa herufi, na kiti cha daktari wa meno ambacho hakuna aliyethubutu kukikalia. Mwenyewe alikuwa bibi mfupi, miwani shingoni na lenzi ya fundi saa kwenye paji la uso kama jicho la akiba. Alitangaza mapema kwamba kuangalia anatoza, kushangaa anatoza, na kulia ni bure. Dada akalipa. Kitinda akaweka simu yake mezani, ile picha ya friji ikiwa wazi. Mke wa Kidevu alisimama nyuma ya mumewe, karibu kabisa na mguu wake.

Kidevu akautoa wembe kwenye kitambaa, akauweka mezani kama mtu anayemkabidhi mtoto kwa daktari wa sindano.

Mama Zamani alinawa mikono kwanza, jambo lililompendeza dada. Akaufungua wembe kwa kusukuma mkia wake, ule wa chuma unaotokeza nje ya mpini, kwa kidole gumba, polepole, akautazama ulivyokaa kwenye mpini, kama bapa linaangukia katikati au linaegemea upande. Akaugonga kwa ukucha karibu na sikio. Wembe ukalia, ti, sauti nyembamba iliyochelewa kufa.

"Sikieni," akasema. "Umechongwa ubavuni, pande zote mbili, mpaka bapa likawa jembamba. Nyembe za zamani zaidi ya huu zilikuwa nene kama kabari, hazilii hivi. Halafu angalieni mkia ulivyo mrefu na ulivyojikunja. Huu una miaka mia, labda inapungua kidogo. Umetoka ng'ambo, kwa watu waliokuwa wanajua chuma."

Kidevu akavuta pumzi na kifua kikabaki hukohuko juu. Miaka mia. Mkewe akamwona anavyovimba, akasogeza kiatu.

"Kwanza tuone huu mpini," Mama Zamani akaendelea. "Mmesema ni nini?"

"Pembe ya ndovu," Kidevu akajibu kabla hajaulizwa mara mbili.

Bibi yule aliuweka wembe chini. Akasema kwa utulivu kwamba kama ni pembe ya ndovu, basi yeye hajauona, wao hawajaja, na mlango ni uleule walioingilia, kwa sababu biashara hiyo ina jela yake na yeye jela hana ndugu. Dada akauvuta mkoba wake karibu na tumbo. Kitinda akaizima simu, kana kwamba simu nayo ingeweza kushtakiwa. Lakini Mama Zamani hakuwafukuza. Aliishusha lenzi jichoni, akausogeza mpini dirishani, akaugeuza hivi na hivi. Pembe ya kweli, aliwaeleza, ina mistari inayokatana kama wavu, ukiitazama upande wa kichwani. Mfupa una vitone vyeusi vya mishipa. Huu ulikuwa na mistari ya kwenda sambamba, iliyonyooka kama daftari la shule, na mnyama hapigi rula. Kisha akausugua kwa kidole gumba, kwa nguvu, mpaka ukapata joto, akaunusa, akampa dada anuse.

"Kafuri," alisema dada. Harufu hiyo wodini aliifahamu.

"Kafuri. Plastiki za kwanzakwanza zilipikwa na kafuri. Walizitengeneza kuiga pembe, kwa watu wanaotaka ukubwa bila kuulipia."

Kitinda akacheka, akageuza kicheko kuwa kikohozi. Kidevu akatazama dari. Hapo alitakiwa afurahi, maana jambo lilikuwa linamwendea vizuri kuliko alivyoomba, lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyeambiwa mkewe anavaa nywele za bandia.

Likabaki jina. Bei ya wembe wa kale, alisema Mama Zamani, inakaa shingoni, pale kati ya bapa na mkia, ambapo mtengenezaji aligonga chapa yake. Jina likiwa kubwa na linasomeka, hata mpini wa plastiki unasamehewa. Akaielekeza taa ya meza pale shingoni. Akainama. Akabadilisha upande. Akainama tena, safari hii kwa muda, na duka zima likabaki na zile saa zake zinazobishana.

"Hapa palikuwa na jina," akasema hatimaye. "Naona mguu wa herufi moja na nusu ya taji. Basi. Nani kalifuta?"

Akamtazama mwenye wembe.

Kidevu akaeleza kwa fahari, hakujua anajishtaki. Kila Jumamosi baada ya kufunga kazi, alisema, huwa anausafisha wembe wote, kuanzia ncha mpaka mkia. Anaanza na majivu laini na limau, halafu msasa ule laini kuliko yote, halafu kitambaa cha sufu, mpaka unakuwa kioo. Hajawahi kuruka Jumamosi. Alifundishwa na baba, na baba naye hakuruka, kwa sababu kinyozi mwenye chuma chenye madoa atawezaje kumwambia mteja kwamba yeye ni msafi?

Mama Zamani alivua lenzi. "Kwa hiyo wawili mmekaa," akasema, "baba na mwana, miaka yote hiyo, mnaifuta bei kwa limau."

Dada akaomba kujua, kwa sauti ya kikazi, jina lile lingekuwepo ingekuwaje. Bibi akainua mabega. Nusu ya taji haimtaji mtu, alisema; viwanda vyenye taji vilikuwa tele, vingine vya sifa, vingine vya kuuzia mabaharia. Kuhusu ule wa kwenye simu ya kijana, una jina lake, una kasha lake, na bapa lake halijawahi kuonja jiwe. "Ule haujawahi kunyoa mtu," alisema. "Huu umenyoa mtaa." Akaupima upana kwa rula ndogo ya shaba, akaonyesha jinsi bapa lilivyolika kwa kunolewa, theluthi nzima ilikuwa imekwenda na maji ya jiwe.

Halafu akapitisha ukucha juu ya makali bila kuyagusa.

"Na umenolewa na mikono miwili," akasema. "Mmoja alikuwa anaelemea huku karibu na shingo, mpaka amepachimba. Mwingine ni mwepesi, amekuja baadaye, na amekuwa akijaribu kupasawazisha bila kufanikiwa. Huyo wa kwanza alikuwa na kasoro ya mkono?"

Kidevu alitaka kusema hapana. Dada akamtangulia.

"Kidole gumba," alisema. "Kilibanwa na mlango nikiwa mwanafunzi wa uuguzi. Nilikifunga mimi, na nilikifunga vibaya, hakikurudi sawa. Alikuwa anasukuma kwa kiganja." Akausogelea wembe, akapaangalia pale palipochimbika, kidogo tu, kama ukingo wa kijiko cha chai. Hakugusa. "Hakuniambia kama kilimsumbua kazini."

"Hakusema hata kwangu," alisema Kidevu. "Mimi nilidhani ndivyo wembe unavyotakiwa uwe. Nilijifunza kunyoa nao hivyohivyo."

Wakainama, wote watatu watoto wa mtu mmoja, vichwa vimekutana juu ya meza. Mama Zamani, ambaye kulia alishatangaza ni bure, aliwaachia muda. Kisha akakohoa na kutaja bei. Elfu kumi na tano. Na hapo analipia umri, si ubora. Atauweka dirishani kama pambo.

Mambo yalikuwa yameisha. Kidevu alichotakiwa kufanya ni kuinamisha kichwa kwa huzuni ya uongo, kuukunja wembe na kwenda nyumbani. Ungekuwa wewe ungeinamisha. Lakini mtu aliyekaa miaka yote akiusifia wembe haachi ghafla kwa sababu ya faida yake mwenyewe.

"Mama," alisema, "hebu sema vizuri. Elfu kumi na tano ya nini, ya mpini?"

Kiatu cha mkewe kikatua juu ya chake. Hakukisikia. Akaanza kumweleza bibi kuhusu chuma kile, kwamba ukikipiga kwenye mkanda asubuhi kinafika mpaka jioni, kwamba ndevu ngumu na laini kwake ni mamoja. Akaung'oa unywele wake mmoja wa kisogoni, akauangusha juu ya makali, unywele ukawa vipande viwili. Mama Zamani, mfanyabiashara hata usingizini, akasema elfu kumi na nane. Kidevu akacheka kwa dharau. Akataja ile sauti, ti, ambayo bibi mwenyewe ndiye aliyeisifia. Elfu ishirini na mbili. Kiatu kilikuwa sasa kinasaga. Kitinda alishafungua kikokotoo cha simu. Kidevu, macho yanang'aa, akasema wembe huu ukiwekwa dirishani watu watashuka kwenye magari kuja kuutazama.

"Elfu thelathini," alisema Mama Zamani, akanyoosha mkono. "Na mdomo wako nimeulipia humohumo. Umeuza?"

Mkono ukabaki hewani. Kidevu akautazama, akatazama wembe, na ndipo alipoelewa kwamba alikuwa anajiuzia kitu chake mwenyewe, tena kwa ufundi. Akageuka. Dada alikuwa anamtazama kwa lile jicho la wodini, anangoja.

"Haufiki," alisema Kidevu.

"Haufiki nini?" akauliza bibi. "Unataka zaidi?"

"Haufiki elfu thelathini. Hata ile kumi na tano ulinipendelea. Hauna jina, mpini wa plastiki, na umelika." Maneno yalitoka moja moja, kama mtu anayejing'oa vibanzi. Kisha akamwambia dada yake, kwa sauti ndogo ambayo mtaa wote ulikuwa haujawahi kuisikia: "Sikujua, dada. Sikukuficha kitu. Nilipewa maikrofoni, nikaongea."

"Hilo ndilo nililokuuliza siku ile pale kazini kwako," alisema dada. "Ukanijibu, si kidogo."

"Ningesemaje? Wakwe walikuwa wameshapiga makofi."

Dada alijaribu kubaki na uso wake. Alijaribu kweli. Lakini mabega yakaanza kutikisika, halafu mkoba, halafu akalazimika kukalia kile kiti cha daktari wa meno, akacheka mpaka akavua miwani kufuta macho. Wifi yake akadakia, Kitinda akafuata. Mama Zamani alirudisha mkono wake akasema familia hii imempotezea muda, ingawa hakuonekana mtu mwenye haraka.

Basi wembe haukuuzwa. Dada alisema kitu chenye kidole cha baba ndani yake hakiendi kukaa dirishani kwa watu, na kwamba radhi aliyoahidi kuomba ameghairi, kwa sababu Kidevu amemfanyia vituko vinavyotosha kufuta deni hilo. Kuhusu bati, Kidevu akajitolea kupanda mwenyewe na Kitinda Jumapili, misumari na lami juu yao. Dada alikubali kwa sharti kwamba asije akawatangazia majirani kuwa ameezeka ikulu.

Walikuwa wameshafika mlangoni Mama Zamani alipowaita. Kama mnabaki nao, alisema, huo mpini uondoeni. Plastiki hizo zikizeeka zinatoa jasho, na jasho lake linakula chuma. Wembe ulioachwa umekunjwa kabatini huliwa ukaisha kabisa. Huu umepona kwa sababu kila siku unafunguliwa ukapata hewa. Lakini hapa kwenye pini inayoshika bapa, tazameni, mpini umeshaanza kupasuka. Nyuma ya duka alikuwa na fundi wa pembe, pembe ya ng'ombe, halali kabisa, haimpeleki mtu jela.

Kidevu akaanza kusema kwamba pembe ya ng'ombe aliyefugwa vizuri inashinda hata ya ndovu. Mkewe akamtazama. Akameza maneno.

Dada akafungua mkoba wake, Kitinda akatoa pochi, Kidevu akakatazwa kuchangia. Mpini wa pembe ya ng'ombe, pini zake za shaba na ufundi: elfu kumi na sita, elfu moja zaidi ya wembe wenyewe.